Koruna Elfu Tatu na Mia Mbili

Niliziweka kwenye bati la biskuti, juu ya friji,
tangu Machi.
Haba na haba, wanasema. Kibaba changu kina tundu:
mara ankara ya maji, mara jino, mara tairi la baiskeli.
Hizi sikuzigusa.

Kompyuta ni ya Zdislava. Aliinunua ana miaka kumi na sita,
kiangazi kizima akitoa mikate kwenye tanuri la watu,
akaiacha chumbani alipohamia Brno,
na kibandiko cha nungunungu ubavuni.
Mimi niliitumia kulipia umeme
na kusoma matokeo ya hoki.

Kisha akasema kwenye simu, kama anayetaja hali ya hewa:
"Baba, Jumapili jioni huwa tunacheza.
Kuna nafasi ya mtu mmoja."
Nikajaribu. Gemu ikaja picha moja,
kimya,
picha nyingine,
nami nikafa mara tisa kabla sijamwona aliyeniua.

Basi nikaanza hesabu.
Prosesa mpya inadai ubao mpya, ubao mpya unadai kumbukumbu mpya;
ukivuta uzi mmoja, sweta zima linakujia mkononi.
Nikamwacha mzee prosesa palepale. Afanye kazi kama mimi,
miaka mitano kabla ya pensheni.

Diski isiyozunguka: mia saba.
Kumbukumbu zilikuwa nane; nikaongeza nane za mtumba, mia nne,
nikacheka peke yangu mbele ya kaunta.
Ingekuwa rahisi hivyo, ningejinunulia na mimi,
nijue tena begi lake la darasa la pili
lilikuwa la rangi gani.

Kadi ya michoro niliifuata stesheni ya Svinov.
Kijana Vendelín, glavu zimekatwa vidole,
ameifunga kwenye taulo kama kichanga.
"Haijawahi kuchimba sarafu," akaapa. Sikuwa nimemuuliza.
Akataka elfu mbili. Nikamwonyesha elfu moja na mia nane,
na mfuko wa pili nimeugeuza nje.
Treni yake ikaingia. Akapokea.

Usiku huo, kasha wazi juu ya meza ya jikoni,
nilivuta feni, likatoka fundo la manyoya ya kijivu.
Mourek.
Miaka minne tangu tumzike paka yule nyuma ya gereji,
kumbe bado amelala penye joto.
Sikuyatupa manyoya. Bati la biskuti lilikuwa tupu.

Dawa ya kupoza prosesa ilikauka, ukoko mtupu;
nikaikwangua kwa kadi ya maktaba iliyokwisha muda,
nikapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele.
Kisha kadi ya michoro ikagoma kuingia.
Sentimita mbili. Sentimita mbili tu!
Miaka thelathini na mmoja nimekata vyuma vya watu:
nikashuka stoo kuleta msumeno,
nikakata kizimba cha diski kuukuu,
nikapiga tupa kingo zake
zisije zikamchana atakayekifungua baada yangu.

Nikabonyeza. Feni zikapumua. Kioo kikabaki cheusi,
muda wa kutosha kuijutia kila koruna.
Kumbe waya niliuchomeka tundu la zamani.

Jumapili nikaingia. Nyasi zilitikisika jani kwa jani.
Nikatembea, nikagonga ukuta, nikatazama juu,
nikashindwa kuyateremsha macho yangu mwenyewe.
Watu wazima wakanicheka masikioni, kwa upole.
Nilipoipata ardhi, ng'ambo ya daraja
palikuwa na kijitu chenye upinde
kikirukaruka papo hapo, papo hapo.

"Ni mimi, Baba. Shikilia W.
Usiachie."