Dobi wa Wete

Mashine ya kufulia ilikufa mwezi wa tatu.
Barua ikavuka kwenda Unguja, haijarudi na jibu,
nasi tukarudi kwenye pipa na kuni,
mimi na Bi Mwanakombo wa Mtambwe,
shuka arobaini kwa siku,
sitini wodi ya wazazi ikijaa.

Damu haitaki maji ya moto. Hilo nalijua.
Maji baridi kwanza, chumvi, na subira;
ukiiharakisha inaganda ndani ya uzi
ikakaa humo kama mgeni asiyeaga.
Iodini ndiyo kaidi. Na jiki, mwaka baada ya mwaka,
imetafuna mistari ya vidole vyangu.
Siku ya kusajili laini ya simu
kijana wa dukani alinibonyezesha kidole mara nane,
akasema, "Mzee Klementi, mashine inasema hupo."

Nikarudi nyumbani na neno hilo.
Hupo.
Miaka ishirini na sita nafua kilichochafuka jana
ili kichafuke kesho.
Nani huulizia shuka ikiwa safi?
Uchafu ndio huitiwa dobi.

Jumapili kanisani tuko kumi na mmoja,
kumi na wawili Theresia akipata lifti ya kutoka Konde.
Katekista akahubiri: kila mtu ana wito wake.
Nikatazama viganja vyangu. Wito!
Mimi niliitwa na tangazo
lililobandikwa ukutani mwa posta.

Ikaja Pasaka, zamu ya kusoma ikaniangukia.
Nasoma tu, mawazo yako kwenye kuni,
mpaka pale Petro anapoinama kaburini
akaviona vitambaa,
na leso ya kichwani haiko pamoja navyo:
imekunjwa, iko kando, peke yake.
Nikakwama. Theresia akadhani ni miwani.

Imekunjwa na nani?
Jiwe limekwishavingirika, mauti yamekwishashindwa,
mbingu na nchi zinamngoja nje,
naye bado yumo ndani kidogo,
anashika pembe mbili, anazikutanisha,
anailaza nguo kwa kiganja chenye tundu,
ndipo anatoka.

Jumatatu nikamhadithia Bi Mwanakombo.
Kwao habari hii haiko hivyo, nami najua;
alinisikiliza huku akikamua foronya,
kisha akasema, "Lakini kukunja ni adabu.
Shika pembe hiyo, weye, nguo inaburura."

Tukashika, yeye kwake, mimi kwangu,
shuka ya kitanda cha saba katikati yetu
imejaa upepo
na harufu ya karafuu zilizoanikwa kando ya barabara.
Tukaendeana, tukakutanisha pembe.
Doa la iodini lingali pale, dogo, mfano wa kunde.
Nikaikunjua, nikairudisha majini.
Bi Mwanakombo akaguna, akaongeza kuni.

Saa nane usiku ataletwa mwanamke wa Kojani,
uchungu umemshika tangu kivukoni.
Atailalia bila kuuliza imefuliwa na nani.
Vema. Asiulize.
Alale.