Zamu ya Usiku

Kutoka dirisha la nyumba ya wageni ya Bi Genowefa
mlima umelala chali:
paji, pua, kidevu,
na mikono, ukiitafuta, imekunjwa kifuani.
Giewont. Bi Genowefa ananimiminia chai, anasema
ndani ya mwamba wamelala mashujaa na farasi wao;
siku nchi itakapofikwa, wataamka.
Namuuliza mbona hawakuamka, na yote yaliyotufika.
Anakoroga sukari. "Labda waliitwa kwa kelele," asema,
"wala si kwa majina."

Mimi naijua pua hiyo.
Baba alirudi kutoka mgodini alfajiri,
vumbi la makaa limemkolea kopeni kama wanja,
akajinyoosha sofani, vivyo hivyo, chali,
na mama akatuwekea kidole mdomoni:
Shujaa kalala.
Tulitembea kwa ncha za vidole miaka kumi na minne.
Tulimwamsha mara mbili tu:
bomba lilipopasuka,
na Ludwik alipomeza kifungo cha koti.
Mara zote mbili alikurupuka, macho meupe, akiuliza:
Wamo wangapi ndani?

Basi napanda.
Misonobari, kijito, kisha mawe
yaliyosuguliwa na nyayo hadi yakateleza kama sabuni.
Mvulana ananipita na viatu vya mpira wa miguu.
Mzee mmoja ameketi njiani, anakata jibini la moshi,
ananigawia kipande bila kunitazama,
chumvi tupu, tamu.
Kwenye minyororo kuna foleni,
ndefu kama ya posta siku ya pensheni,
watu wanasukumana kwa adabu, kitako baada ya kitako,
kuelekea msalaba wa chuma kileleni.

Zamu yangu inafika. Nashika mnyororo.
Baridi yake naikumbuka:
lango la mgodi, mkono wangu mdogo, king'ora.
Na hapo wingu linavuka mpaka wa Slovakia,
halina pasi, halikubisha hodi,
na mwongoza njia anapiga yowe: Chuma! Acheni chuma!

Nilikuwa na habari za kumpa pale juu.
Kwamba mgodi umefungwa,
kwamba Ludwik ana mapacha,
kwamba sofa tulimpa jirani na jirani kaitupa.
Niliishia chini ya kidevu,
kiganja juu ya jiwe, sekunde mbili, mvua ikiwa usoni.
Sikusema kitu.
Nikashuka kwa ncha za vidole,
na kwenye mawe yale huo ni upumbavu, najua,
nilianguka mara tatu.

Kibandani chini, mvuke, soksi juu ya jiko,
harufu ya mbwa na kabichi.
Radi ikapiga. Mlango ukafunguliwa nusu,
sauti ya mwanamume kutoka gizani:
"Wamo wangapi ndani?"
Nikajibu kabla ya wote, kwa sauti iliyonishtua:
Wote. Wote wamo. Lala.

Watu wakanigeukia.
Mtu akanisogezea supu.