Kanda la Usufi

Wiki ya mwisho ya likizo, mvua ya Sheffield imetusukuma dukani
pamoja na nusu ya wazazi wa mji.
Mabegi yananing'inia ukutani kama popo.
Siwema kishaliona lake:
la puleki, ukilipapasa huku zambarau, kule fedha,
na masikio mawili ya paka.
Kamba zake nyembamba kama tambi.
"Hili, mama."

Livae, namwambia. Analitupia bega moja
kama wale wasichana wakubwa wa kituo cha basi.
Mabega yote mawili. Anashusha pumzi ndefu,
pumzi ya mtoto aliyechoka kumlea mzazi wake.
Anatembea hadi kwenye viatu, anarudi.
Begi linampiga matakoni, tap, tap,
mlango usiofungika.

Mimi mgongo ndiyo kazi yangu.
Mwaka wa sita huu nawainua wazee wa watu kitandani:
Bwana Ollerenshaw, Bi Thackray mwenye miguu iliyojaa maji.
Tulifunzwa siku nzima, tukapewa na cheti:
kunja magoti, usikunje kiuno,
mzigo uje kifuani, usijipinde.
Nilicheka kimoyomoyo. Mama yangu kule Pangani
aliyajua hayo kwa kipande cha kanga.
Mbeleko ikikazwa mtoto haning'inii,
hukaa juu, kama ameota pale pale.
Ndivyo nilivyombeba huyu,
juu ya koti, kupanda kilima cha kwetu,
na watu wakigeuza shingo.

Basi navuta kamba za begi jingine. Nabonyeza sifongo kwa dole gumba.
Napitisha kiganja kati ya mgongo na begi;
kikipita kirahisi, nakaza tena.
Kijana wa duka, ana chunusi na beji, anasogea:
"Kilicho kizito kikae karibu na mgongo."
Nusura nimuulize, wewe ulibebwa na nani?

Tukachukua la buluu.
Kamba pana, kifungo cha kifuani,
na utepe unaorudisha mwanga wa magari,
maana Desemba hapa saa kumi jioni ni usiku
na madereva huteremka kilima kama wameitwa.
Siwema hakulia. Alinyamaza,
na bora angelia.
Kwenye malipo nikaongeza paka mdogo wa puleki
wa kutundika kwenye zipu:
amani ya pauni mbili na nusu.

Novemba, anarudi bega moja limeinama.
Nampandisha kwenye mizani ya bafuni.
Peke yake, kilo ishirini na tatu.
Na begi, ishirini na saba na ushee.
Nafungua. Chupa ya maji, imejaa pomoni,
na shule ina bomba.
Kamusi ya darasani, isiyotakiwa kutoka darasani.
Kiatu kimoja cha michezo, mwenzake Mungu anajua.
Ganda la ndizi lililokwisha kuwa kitu kingine.
Na chini kabisa, jiwe.

Jiwe tu, la mtoni, la kijivu, kubwa kama andazi.
"La Imogen," anasema, akilitazama zulia.
"Kahamia Hull. Yeye analo langu."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nimeusema mara ngapi msemo huo kazini,
nikiwasema mameneja.

Natoa maji. Natoa kamusi na ganda.
Jiwe nalipima kiganjani, robo tatu kilo, labda zaidi;
cheti changu kingesema litoke.
Nalirudisha, ila si chini:
nalichomeka mfuko wa nyuma, kwenye daftari,
pale penye kuegemea uti.

Asubuhi, giza bado. Namtazama dirishani anavyopanda,
utepe ukiwaka, ukizima, ukiwaka.
Kifungo cha kifuani hajakifunga.
Nagonga kioo.
Anajifanya hasikii.