Shika Hapa

Alikuja kusoma mita, hakuja kwa jingine.
Mvua ya Chiloé, ile isiyo na mwanzo wala kikomo,
ilimsindikiza tangu gatini Achao,
ikaingia buti la kushoto, lenye tundu,
ikakaa humo kama mpangaji.

Ruperto Guenteo, kijana wa umeme,
akabisha hodi kwenye shule ya zamani
isiyo na kengele tena wala wanafunzi,
ila kila Jumamosi chama cha wafumi
huwasha jiko, huacha mlango wazi,
na yeyote apitaye hupewa kazi.

"Mita iko wapi?"
"Shika hapa."

Kabla hajatua kalamu
Bi Orfelina amekwisha kumvika viganjani
shada la uzi, zito, la kijivu,
linalonuka kondoo na moshi.
"Tanua. Si sana. Gumba juu.
Leo wewe ni kiti."

Huwezi kukimbia na mikono iliyofungwa kwa sufu.
Si pingu; pingu ungezipigania.
Ukitoka tu unamvurugia mtu
majira mazima ya baridi, usiku kwa usiku.
Basi akasimama. Donge likaanza kunenepa upande wa pili.

Sakafuni kitanda cha mfumi kimelazwa chali
(hapa mfumi haketi, hupiga magoti)
na Yasna, miaka tisa, ulimi nje,
anapitisha mshindio katikati ya mitande,
anakosea, anafumua, anakosea palepale.
Hakuna aliyemkemea. Bi Edelmira alisema tu:
"Kosa hilo umelizoea. Jaribu jingine."

Jikoni sufuria inatokota ndevu za miti,
zile kijivu zinazoning'inia msituni;
zinaingia kijivu, uzi unatoka
rangi ya ganda la mkate.
Mwalimu mstaafu wa hesabu anataka kipimo.
"Konzi mbili."
"Konzi za nani?"
"Za anayepika."
Akaandika hivyohivyo daftarini, kwa huzuni.

Na kinywaji chao kinaitwa mate.
Cheka, msomaji wangu, lakini ndivyo:
bomba moja la chuma, vinywa kumi na vinne,
na kwa kuwa Ruperto hakuwa na mkono
walimnywesha, kama mgonjwa, kama bwana harusi.

Simu ikalia mfukoni. Ikalia tena.
Wote wakalitazama paja lake.
"Ni msimamizi wangu," akasema.
"Basi umekufa," akasema Bi Orfelina,
mkono wake ukizunguka, ukizunguka.

Sijui ni joto lililomfungua au ni ile harufu.
Akasema, bila kuulizwa:
"Bibi yangu alikuwa na kitanda kama hicho.
Alipofariki nilikipasua kwa shoka.
Kilikuwa mti mkavu. Kiliwaka vizuri."

Jiko lilisikika. Mvua ilisikika.
Hata Yasna aliacha kukosea.

Bi Edelmira akakata uzi kwa meno.
"Cha mama yangu nilikichoma mimi," akasema.
"Mwaka ule tulikuwa na baridi.
Shika juu kidogo, unashusha."

Akainua.

Mzunguko wa mwisho ulimteleza vidoleni
mwepesi hata hakuamini umekwisha.
Hakupewa asante. Alipewa donge alipime uzito,
kisha likanyang'anywa, likatiwa kikapuni
pamoja na mengine, huwezi kulitambua.

Mita ilikuwa nyuma ya mlango, chini ya koti la mtu.
Uniti kumi na moja kwa mwezi mzima:
taa moja, redio moja.
Aliisoma mara mbili. Akaandika kwa vidole
vyenye mafuta ya kondoo; karatasi ikakataa wino.

Nyumba iliyofuata, juu ya kilima,
mzee Barría alifungua, akamkuta kizingitini
analowa, hasemi,
mikono mbele, imeachana upana wa mabega,
magumba juu.

"Umebeba nini?" akauliza mzee.