Kota

Neno tulilikuta limebandikwa mlangoni,
rangi nyeupe juu ya kibati cheusi: KOTA NA. 14.
Nilidhani ni ukoo wetu.
Darasa la kwanza mwalimu akauliza, unaitwa nani kwa ukamilifu,
nikasimama, nikatamka: Aikande Kota.
Walicheka mpaka kengele ya uji.

Chumba kimoja na nusu, jiko la nje,
choo cha milango minne na ufunguo mmoja.
Mlima ulichungulia nyuma ya maghala ya kahawa,
saa tatu haijafika umeshajifunika.
Treni ya Tanga ikipita vikombe viligongana kabatini,
na Baba yuko relini, bendera ya kijani mkononi,
nyekundu ameibana kwapani.

Huko Kibosho walisema: Elirehema? Ana kota.
Maana yake: hana kihamba.
Maana yake: ana mshahara, hana mgomba.
Mjini lilibadilika. Mtoto wa kota
ni mtoto mwenye viatu. Au mwizi wa maembe ya padri.
Ilitegemea nani anasema, na amepoteza nini.

Mwaka huu imekuja barua ya kutuhamisha,
Kiingereza kitupu, na Baba haoni tena.
Nikafungua kamusi nene ya shuleni kwangu
nikakuta kota si nyumba.
Ni sehemu moja kati ya nne.
Waingereza walilipata kwa Wafaransa,
Wafaransa walilirithi kwa Warumi,
na Mrumi alikuwa anahesabu tu: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.
Baadaye mji ukaitwa kwa vipande vyake,
askari akaonyeshwa kipande, akaambiwa, lala hapa.

Robo!
Miaka thelathini na minane tumelala ndani ya robo
na kila jioni natumwa kwa Naftali
robo ya sukari, robo ya mafuta ya taa,
mwambie Baba atalipa mwisho wa mwezi.
Na robo nayo ni mgeni, ilishuka kwa Waarabu.
Basi ya nne imetujia mara mbili,
moja imevaa kanzu, nyingine kaptula,
zimekaa benchi moja zisijuane.

Nilimsomea Baba. Akauliza:
Na zile robo tatu, alipewa nani?

Sikuwa na jibu. Kamusi pia haina
ile kota nyingine, ya Mama.
Mama alikuwa mtu wa Pangani, Julai ya Moshi ilimuonea.
Aliingiza jiko la mkaa, akaliweka katikati ya sakafu,
akaita: Njooni mkote moto.
Watoto wa jirani wakamcheka, si kukota, ni kuota!
Akasema, kuota ni kwa ndoto na magugu.
Sogeeni. Mikono mbele.
Nikaamini, kwa miaka mingi,
kwamba ndiyo sababu nyumba ikaitwa hivyo.

Jana nimekwenda na bisibisi.
Kibati kimeshikwa na skrubu nne, zimepakwa chokaa
kila Disemba tangu sijazaliwa.
Tatu zimetoka.
Baba amekaa kwenye ndoo, anasikiliza chuma kinavyolia.
Hiyo ya mwisho, anasema,
usiilazimishe.