Msimu Ndani ya Beseni

Agosti zilikuja bado zina mikunjo ya dukani,
nyeupe. Nani alichagua nyeupe, katika Lindi hii,
kwa uwanja ulio nusu nyasi, nusu kifusi chekundu?
Katibu Hokororo alizimwaga barazani kwangu:
"Somoe, ishirini na mbili. Ukipoteza moja, tunakata."
Nikahesabu. Nikatoa beseni la bluu,
lile nililowaogeshea wanangu wanne,
na mche mzima wa sabuni.

Mimi mpira siujui. Naujua uchafu.

Wakirudi Bukoba, maji yanageuka chai iliyozidi majani.
Shinyanga ni tope jeusi, linang'ang'ania pindo kama mdai.
Mbeya wanaleta kijani magotini,
hakitoki mpaka ukikamulie ndimu.
Dar es Salaam hawaleti kitu, uwanja wa kapeti:
jasho tu, na harufu ya kufungwa nne.
Sijawahi kuvuka daraja la Somanga,
lakini nchi hii nimeimwaga yote
kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba.

Oktoba tulishinda tatu mfululizo.
Nilijua bila redio: namba tisa, ya Likunama,
ilikuwa imechanika mgongoni kwa kukumbatiwa.
Mtaa ukaanza kuniita Mama Timu,
muuza genge akanipa nyanya za bure,
korosho zilikuwa mnadani, bei imesimama,
Chama cha Msingi kikaahidi basi jipya.
Kipa Mchopa akala mabibo akiwa na jezi mwilini.
Doa la bibo halina dawa, hata jiki.
Nimelisugua hadi leo; lipo kifuani,
limekaa kama nembo ya pili.

Januari, mshahara haukuja.
"Subiri, Somoe, fedha ziko njiani."
Njia ipi, sikuuliza.
Februari goti la Likunama likavimba kama boga;
akatumwa mtoto feri kuomba barafu ya samaki,
akakandwa pale pale barazani, goti likinuka tasi.
Machi mvua. Somanga ikakatika.
Timu ililala siku mbili ndani ya basi,
ikala mihogo ya kuchoma,
ikafika Mwanza saa tano kabla ya mpira,
ikafungwa sita.
Jezi zilirudi zimeota ukungu.
Jua halikuonekana wiki nzima, nikazianika jikoni juu ya moshi,
wakacheza na Tabora wakinuka kuni.
Sare.
Wazee wa kilabu wakaja kuniomba nirudie moshi.

Na ipo moja sijaisema.
Ishirini na mbili. Nandonde, kijana wa Rutamba.
Kila wiki ilikuja safi, imekunjwa vile vile nilivyoikunja,
mikunjo minne, kola juu.
Benchi halichafui.
Niliifua hivyo hivyo, nikaianika katikati ya wenzake.
Sikutaka ajue kwamba naona.

Mechi ya mwisho niliisikiliza kwa jirani.
Tulikuwa tumeshashuka daraja tangu wiki ya nyuma,
mbuzi uwanjani walikuwa wengi kuliko tiketi.
Dakika ya themanini mtangazaji akalitaja jina lake,
akalikosea, "Nandondo",
akaingia kwenye tangazo la saruji.

Usiku furushi likaja. Nikalifungua kwa taa ya simu.
Ishirini na mbili ilikuwa imeviringishwa kama dasta,
udongo wetu wenyewe, kiwikoni mpaka kwapani,
na alama za njumu juu ya tumbo, nne, zimekaa wazi.
Mtu alimkanyaga sawasawa.
Nikaikung'uta kidogo, nikaacha.

Leo asubuhi Katibu kaja, mfadhili anataka vifaa vyake.
Ananidai ishirini na mbili, namdai miezi mitano.
Nimempa ishirini na moja, zimepigwa pasi.
Amehesabu mara mbili, kwa kidole.
"Moja umeipoteza?"
"Kata," nimemwambia.
"Kata kwenye ule mshahara."