Daftari la Kizuizini

Miaka mitatu na miezi minne nilikaa kizuizini Kipenzeni:
kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguuni,
kalamu ya buluu,
na kamba ya kunyanyulia mti.
Gari ikipita, nachora mstari.
Mistari mitano, fungu.

Kibali kilisema gari arubaini kwa siku.
Kilikuwa na mihuri minne,
na juu ya kila muhuri sahihi isiyosomeka.
Siku ya kwanza nikahesabu mia na kumi na saba.
Msimamizi akacheka:
"Bi Mize, macho yako yana njaa."
Akaacha elfu tano chini ya kikombe changu cha chai.
Nikaandika arubaini.

Hili nalisema mapema,
nisije nikaonekana nanawa mikono
kwa maji ya shimo.

Walianza konde ya Mcha Vuai.
Wakamlipa mihogo, si ardhi;
ardhi, walisema, ni ya serikali.
Wakafuata mishelisheli, kisima cha Bikombo,
na mikarafuu saba ya wakfu wa msikiti.
Wa saba ulikaa siku tisa ukingoni,
mizizi nje, kama mtu aliyeketi ananing'iniza miguu,
hata mvua ya vuli ikamaliza kazi.
Hapana aliyeandika kuwa umekatwa.
Haukukatwa, ati. Umeanguka wenyewe.

Muulize dereva: mie natumwa.
Muulize tajiri: mie nina kibali.
Waulize idara: sisi tulipokea agizo.
Agizo limetoka wapi?
Juu.
Nikatoka kibandani nikatazama juu.
Kunguru wawili, na vumbi.

Ussi, mtoto wa dada yangu, aliendesha gari ya kijani.
Yeye ndiye aliyenambia mchanga unakwenda wapi.
Hoteli ya ghorofa sita, bwawa lenye umbo la figo.
Ufukwe ulioliwa na bahari, ukajazwa mchanga wetu,
bahari ikala tena,
ukajazwa tena.
Na nyumba ya mkubwa mmoja, simtaji,
ila ukuta wake naujua:
gari sitini na mbili, usiku tupu, taa zimezimwa.
Skuli ya Kipenzeni waliahidiwa gari tatu.
Ilikuja moja, nusu kokoto.

Siku ya kufunga shimo ilipigwa hema.
Wageni walivaa glovu nyeupe.
Nami nikapewa mche wa mvinje, nikaambiwa, cheka.
Picha ile ipo kwenye ripoti, karatasi ya kung'ara:
*Shimo limefukiwa. Miti elfu mbili imepandwa.*
Itazameni vizuri.
Mche nilioushika bado umo ndani ya nailoni yake.
Walipoondoka nikauchukua nyumbani,
nikaupanda nyuma ya choo.
Ndio mti mmoja ninaoujua katika hizo elfu mbili.

Masika yakaja, shimo likajaa.
Sasa lina vyura, chupa, na kiatu kimoja cha mtoto.
Mwenye kiatu yu hai, alhamdulillahi.
Nimemuuliza mama yake mara mbili.

Kisha ikaja kamati.
Wajumbe tisa, gari tano.
Nilizihesabu; mkono umeshazoea.
Mwenyekiti akauliza, kwa sauti ya upole,
nani hasa anahusika.
Nikaingia ndani,
nikasukuma pipa la mchele,
nikatoa daftari la pili,
lile nililoandika usiku, kwa kibatari,
gari kwa gari, namba kwa namba,
na nani alipiga simu kusema ipite.

Ukurasa wa kwanza nimejiandika mwenyewe:
*Mize binti Khatibu. Elfu tano. Jumatatu.*
Nilitaka waanze na mimi,
wapate njia ya kwendelea.

Mwenyekiti akavaa miwani.
Akaweka kidole juu ya jina langu,
akamtazama karani wake, karani akaandika.

Nikasema: geuza, bwana.
Kurasa zipo mia na tisini na mbili.

Kidole kingali pale.